Mnyama wa Sayari ya Mukashema

Mukashema ni binti wa wakulima wa maharage wa Masisi, milimani mashariki mwa Kongo, aliyeolewa na mfugaji. Kwa miaka kumi na tisa ameuza maziwa ya ng'ombe ambao hajawahi kuwakamua, maana kwa wakwe zake kukamua ni kazi ya wanaume. Jikoni, maziwa yakichemka, huandika kwenye daftari kuukuu la binti yake Alliance hadithi ya wasafiri sita waliopaa kutoka Masisi wakatua kwenye sayari ya mbali.

Miezi minne iliyopita mumewe, Rugamba, aliteleza mlimani akavunjika mguu. Mfupa ukaunga. Muuguzi akamwambia atembee. Yeye akabaki kitandani, akageukia ukuta. Mukashema alibembeleza, akagomba, akamwita mchungaji wa kanisa aje kuomba. Wapi! Mwishowe akaanza kumsomea daftari.

Jumamosi asubuhi alisoma pale wasafiri, wakiwa hoi kwa njaa, walipokutana na kiumbe mkubwa kama kanisa, mwenye miguu minane na chuchu arobaini. Walimkamua mpaka vidole vikafa ganzi. Hata tone halikutoka.

Mukashema akashika kalamu. Juma zima alikuwa amekwama hapo.

"Mama Alliance," sauti ikatoka ukutani, "bale bantu yako iko bajinga."

"Juu ya nini, Papa Alliance?"

"Mutoto yake iko wapi? Nyama gani itakupa maziwa kama mutoto hayanyonya kwanza?"

"Hii iko nyama ya kule juu, haiko ya Masisi."

"Hata ya juu! Chuchu arobaini, zote ni za wageni?" Rugamba alikuwa amegeuka. "Bantu ya maharage! Munafikiri maziwa inachimbwa kama viazi."

Mukashema alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. "Basi unionyeshe. Siwezi kuandika kitu sijaona."

Rugamba alitazama mguu wake kwa muda mrefu. "Lete fimbo."

Mita thelathini ziliwachukua robo saa, mkono wa mke kwapani mwa mume. Zizini Ndayambaje, mdogo wake Rugamba, alikuwa akikamua. Rugamba akaamuru ndama afunguliwe. Ndama akanyonya, akapiga kiwele kwa kichwa, kiwele kikajaa. Akavutwa pembeni, na maziwa yakaruka.

"Umeona? Bamutafute mutoto kwanza."

"Nimeona," alisema Mukashema, ambaye alikuwa akimtazama mumewe.

Rugamba, jasho likimtiririka, alimgeukia nduguye. "Weye unamukamua na haraka sana. Kesho nitakamua miye."