Rangi Nyekundu Chini ya Lori

Nikipita kwa mafundi wa magari pale Bariadi, wakifungua kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, harufu hunifikia kabla sijaliona kopo lenyewe. Wengine huziba pua. Mimi hupunguza mwendo, kisha najuta kupunguza.

Baba alituachia lori. Mama alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla yake, na mimi Limi, mtoto wa kwanza, nikabaki na wadogo zangu watatu: mapacha Kulwa na Doto, na Shija aliyewafuata. Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenilazimisha, ila uji haukuwa na mpishi mwingine. Lori lilisimamiwa na baba mdogo, akaliwekea dereva. Msimu wa pamba lilibeba pamba kutoka Zagayu, na pamba ikiisha lilibeba ng'ombe wa mnadani. Tulikula kwa lori hilo. Nilijua wazi kwamba siku likituponyoka, tutagawanywa kwa ndugu kama vyombo vya marehemu.

Ng'ombe ndio waliolimaliza taratibu. Mkojo wao hupenya kwenye mbao za bodi, hudondokea chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba lori zima, hutuama kwenye maungio yasiyoonekana, na chuma huanza kubanduka kama maganda ya kitunguu. Kila baada ya mnada baba alikuwa akimwaga madebe ya maji kule chini. Kabla ya msimu wa pamba alitandika gunia, akalala chali, akakwangua na kupaka, nami nikimshikia kopo. Aliniambia kwamba ukipaka rangi juu ya mkojo, umeufungia mkojo ndani ukae ule chuma vizuri.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa. Zamani kopo la rangi lilitafutwa kwa barua na kujuana; sasa makopo yalipangwa hadi darini. Wanunuzi binafsi wa pamba nao walikuja na malori yanayong'aa hadi matumboni. Siku moja mgeni mmoja alikuja, akachungulia chini ya lori letu, akaondoka bila kunywa maji. Jioni hiyo baba mdogo alinikabidhi kopo la rangi nyeusi.

"Ng'wanike, binti yangu, paka hii. Nataka ling'ae."

"Hii ni ya milango, baba. Mkojo wa ng'ombe utaimaliza kwa mwezi."

"Umekuwa fundi? Fundi wa wapi?"

"Wa baba."

Dereva akacheka hadi akaegemea tairi. "Hapo umekamatika, mzee."

Baba mdogo hakucheka. Alilichukua kopo lake, akasema kesho twende dukani nikachague mwenyewe. Nilipiga magoti kumshukuru.

Nilimsumbua mwenye duka. Nilitaka afungue kila kopo la nyekundu, nikakoroga kwa kijiti hadi chini nione kama imeganda, nikakataa mawili. Ya kupaka juu yake nikachagua nyeusi nzito isiyong'aa. Kazi ilichukua wiki nzima. Mapacha walichota maji, tukaosha kwa sabuni hadi maji yakatoka safi. Nikagonga magamba ya kutu kwa tindo, nikasugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikawa cheupe, tukaacha jua likaushe siku mbili. Nikafuta kwa petroli. Nikapaka nyekundu, nikangoja, nikapaka tena, ndipo nyeusi ikafuata. Kwenye maungio ambako brashi haiingii, nilisukuma nyekundu kwa unyoya wa jogoo, kama baba. Vumbi la kutu liliniingia machoni, na Shija akawa ananiita shetani mwekundu.

Wiki iliyofuata akaja mgeni mwingine, mwanamume wa kofia. Huyu alilala chini kabisa, akagonga chesisi kwa spana kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza.

"Chuma kinalia vizuri. Nani kapaka?"

Baba mdogo akaniwekea mkono kichwani. "Huyu. Ana mkono wa marehemu."

Nilidhani ni mwenye pamba anayetafuta usafiri. Nilimletea maji ya kunawa kwa furaha, na lori lilipoondoka naye tulilipungia mikono.

Halikurudi. Baba mdogo hakuonekana kwetu. Dereva ndiye aliyekuja, kuchukua koti lake.

"Limeuzwa, Limi. Yule wa kwanza aliona kutu akakataa. Huyu umemridhisha wewe."

Kabla mvua hazijaanza, Kulwa alipelekwa kwa shangazi huko Nassa, na Doto akapelekwa Bukundi kuchunga ng'ombe. Hawakuwahi kulala mikeka tofauti tangu wazaliwe. Mimi na Shija tulihamia jikoni kwa baba mdogo.

Kwa miaka mingi nilijivunia kwamba siku ile nilimshinda mtu mzima kwa maneno. Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipoelewa kwamba hakushindwa. Alitambua tu kwamba uongo wake wa rangi ya milango usingemdanganya mnunuzi, ila uaminifu wangu ungemridhisha.

Nililikuta lori hilo mara moja, limeegeshwa kando ya barabara, jina la mtu mwingine limeandikwa mlangoni. Dereva alikuwa amekwenda kunywa chai. Niliinama, nikapitisha mkono juu ya springi za nyuma hadi kwenye ungio, nikakwangua kidogo kwa ukucha. Nyekundu ilikuwepo, nzima, imeshika chuma vilevile nilivyoiacha.