Kreti ya Radi Kavu

Gundi alijua bendi imeoza siku aliyoingia ukumbini akakuta kompyuta imewekwa juu ya kreti.

Kreti yenyewe ilikuwa ya mbao, ya soda, ya zile enzi ambazo chupa tupu zilirudishwa dukani. Vijana watano walioanzisha Radi Kavu waliikuta katika stoo ya magunia walimoazimwa nafasi ya kufanyia mazoezi. Viti vilikuwa vinne, kwa hiyo mmoja wao aliikalia. Baadaye ikawa desturi. Aliyetaka kuiacha bendi haondoki mpaka alete mrithi, na mrithi huyo hukalishwa kwenye kreti nyuma ya mgongo wake, mazoezi hadi mazoezi, anasikiliza na kutazama vidole, hagusi chombo. Siku mwenye chombo akiona yatosha, anainuka kimya, na yule wa kwenye kreti anaupokea wimbo ukiwa katikati. Ukimkatikia, anarudi kukaa.

Hivyo ndivyo walivyopokezana. Mwimbaji wa kwanza alipookoka na kuzikana nyimbo za dunia, alikaa bado wiki kadhaa akimfundisha mwenzake nyimbo zilezile alizozikemea kila Jumapili. Mpiga dramu alipolazwa, kreti ililetwa hospitali kando ya kitanda, akamfunza mrithi wake kwa vijiko viwili juu ya meza ya dawa, mpaka muuguzi akaja juu. Watu walibadilika, na waliorithi nao wakarithiwa, lakini Radi Kavu ilibaki Radi Kavu. Hakuna aliyeipiga bila kuwa ameketi nyuma ya mtu.

Wa mwanzo alibaki mmoja tu, mpiga besi, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kushona viatu. Walimwita Gundi kwa ajili ya harufu yake, na miaka ilivyokwenda, kwa ajili ya kung'ang'ania kwake. Sasa sindano na nyuzi za gitaa zilikuwa zimevimaliza vidole vyake. Cha pete kilikuwa kikigoma asubuhi na kukubali jioni, au kinyume chake, kikipenda.

Mrithi alikuwa naye: dada mshona nguo, jirani yake barazani, ambaye cherehani yake ilikuwa ikifuata mapigo kila Gundi alipofanya mazoezi, bila yeye mwenyewe kujua. Siku ya sherehe ya kuzaliwa kwa bendi, mchana vyombo vikijaribiwa, Gundi alimchukua wakaenda pamoja ukumbini.

Jukwaa lilinuka manukato na jasho la jana. Mtu alikuwa amebandika ubani uliotafunwa kwenye mguu wa kipaza sauti. Mpiga gitaa, aliyejifunza muziki wa roki kwenye simu, alikuwa akijipiga picha ametoa ulimi. Na pale kwenye kreti, kompyuta imekaa kama bibi harusi.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Mkurugenzi. Huyu alikuwa mtoto wa yule mpiga dramu wa vijiko. Hakurithi fimbo hata moja. Alirithi jina la bendi.

"Marahaba. Nimeleta mtu wangu. Toa hiyo mashine, huyu dada akae."

Mkurugenzi alimtazama mshona nguo kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza. "Baba mdogo, mambo ya kreti ni ya enzi zenu. Besi tunayo."

"Anapiga nani?"

"Wewe."

Akabonyeza. Spika zikatoa besi ya Gundi, ileile, nzito na yenye mikwaruzo. Walikuwa wamemrekodi kwenye mazoezi bila kumwambia. Alisimama akijisikiliza kama aliyeonjeshwa mate yake mwenyewe kwenye kijiko cha mtu.

"Wewe unapanda, unashika gitaa, unatabasamu," Mkurugenzi aliendelea. "Watu wanataka kumwona mzee wa mwanzo. Waya hatuchomeki. Unapumzisha vidole."

"Raha iliyoje, mzee," alisema mpiga gitaa, macho kwenye simu. "Mimi ningeomba na kiti."

Mshona nguo aliinua kichwa. "Kaka Gundi, hapo ubeti wa tatu pamerukwa, au ndivyo ulivyo?"

"Pamerukwa. Siku hiyo kidole kiligoma."

"Hakuna atakayesikia," alisema Mkurugenzi.

"Huyu amesikia. Na hujampa hata pa kukaa."

"Baba mdogo, tusiharibiane siku."

Gundi aliinyanyua kompyuta kwa mikono miwili, akailaza chini kati ya nyaya, taratibu, kama anavyoweka kiatu cha mteja. Akaitia kreti begani. Wimbo haukukatika hata kidogo. Hilo ndilo lililomchefua kuliko yote: alitoka mlangoni, na besi yake ikabaki ndani ikifanya kazi.

Ilimfuata mtaani. Mbele ya duka la simu watu wawili walikuwa wakitikisa vichwa kwa mapigo yake. Ubeti wa tatu ukafika, pakarukwa, na vichwa vikaendelea kutikisika. Gundi akatema mate mtaroni.

Walipofika barazani akaiweka kreti nyuma ya kigoda chake.

"Bendi yenyewe haipo," alisema mshona nguo, aliyembebea gitaa. "Nakalia nini?"

"Unakalia ulipokaa wenzako."

"Ina kunguni."

Gundi aliigonga sakafuni mara kadhaa, vikadondoka vumbi, kizibo cha soda na kunguni mmoja aliyenona, akamkanyaga. "Tayari. Kaa."

Akakaa. Gundi akapiga besi bila umeme, sauti ndogo ya nyuzi tupu, ukumbi nao ukinguruma kwa mbali. Ubeti wa tatu akakilazimisha kidole. Kikamchoma mpaka kwenye kiwiko, lakini sauti ikatoka. Akaendelea kidogo. Kisha akainuka na kumnyooshea gitaa.

Dada alishtuka, akaruka, akalipokea. Miaka yote ile ya cherehani ilikuwa imemwingia miguuni, mapigo hayakumpotea. Vidole ndivyo vilivyotafuta njia, vikaipata, vikaipoteza. Wimbo ukakatika.

Akamtazama Gundi. Gundi alichukua gitaa lake, akalifuta kwa pindo la shati, na kwa kidevu akamwonyesha kreti.