Mafuta Chini ya Poda

Mdogo wangu ndiye aliyeumwaga mkoba wangu wa vipodozi, si mimi. Mimi ningeuacha ulivyo mpaka zipu ikatike. Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akaukuta juu ya kabati, mnene, umenata pembeni, akauliza vitu hivi nilinunua lini. Nikamwambia vingine siku ya soko Taveta, vingine sikumbuki. Akatandika leso kitandani, akavimwaga vyote.

Kila mtu ana aibu yake. Yangu ilikuwa pale kwenye leso. Maskara iliyokauka kama lami. Poda iliyovunjika vipande. Lipstiki tatu zilizoyeyuka na kuganda tena, maana nyumba za bati za Voi hazina huruma na kitu chenye nta. Sponji niliyojipakia uso kila asubuhi kabla ya kwenda kukaa mapokezi ya shule ilikuwa na weusi ndani ambao sikutaka kujua umetoka wapi.

"Dada, na hii unaweka usoni?"

Alikuwa anacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka nyumbani kwangu. Brashi tukazitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu na shampuu ya watoto, kope bandia zikaenda kwenye ndoo ya taka. Kisha akaokota chupa ya faundesheni, ya kioo, imebaki robo. Akaifungua, akainusa.

"Ni ile?"

Ilikuwa ile.

Miaka minne iliyopita aliolewa hapa Voi, kwa watu wa bara waliohamia na kufungua maduka. Sisi ni watu wa Werugha, kwa hiyo bibi harusi alitokea nyumbani, mlimani. Kamati ya harusi ilikaa ikaamua hakuna haja ya kuita mpambaji, dada mkubwa yupo na mkoba wake. Dada mkubwa ni mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, sijaolewa, na shangazi zangu walikuwa wameshanimaliza. "Na yako tutaila lini?" "Mdogo wako amekupita njiani." Nilicheka nao. Kucheka na watu wanaokuchoma ni kazi, na mimi niliifanya wiki sita bila mapumziko.

Asubuhi ya harusi kulikuwa na ukungu, hata zizi la ng'ombe hatulioni kutoka mlangoni. Baridi ya mwezi wa nane. Mama akaja na mkebe wa mafuta ya kujipaka, yale mazito, na kabla sijafungua chochote akampaka mdogo wangu uso mzima, shingo, mpaka masikioni, kama alivyotupaka sote kila asubuhi ya utoto wetu. Kwetu mlimani ngozi isiyo na mafuta hupasuka, na mtoto akitoka nyumbani na uso mkavu anawatangazia watu kuwa hana mama. "Sasa mpake zako," akaniambia. Nikapaka zangu juu ya mafuta. Pale nyumbani, kwenye ile baridi, mdogo wangu alipendeza kweli. Mama alilia.

Magari yakashuka Wundanyi, yakapita Mwatate. Kufika Mraru joto likatupokea, madirisha yakafunguliwa, na vumbi jekundu halingojei mwaliko. Mdogo wangu aliposhuka kwenye uwanja wa kanisa, uso ulikuwa umeanza kutembea. Faundesheni imeshuka kwenye mikunjo ya shingo, wanja umefika mashavuni, na juu ya yote vumbi limeganda. Nikamfuta kwa kitambaa, nikazidisha. Shangazi mmoja wa bwana harusi akasema, kwa sauti ya kusikika, "Bibi harusi amekuja na shamba lao." Watu wakacheka. Mdogo wangu alikwenda madhabahuni huku anakisikia kicheko hicho. Picha zote zipo, na wageni wakifika kwa wakwe zake bado huonyeshwa.

Lawama ilikwenda kwa Mama. Hakuna aliyekaa kuijadili. Ilikwenda tu, maana mkebe ulikuwa wake. Yeye mwenyewe aliipokea kwa mikono miwili. "Mimi ndio nilimharibia mtoto siku yake," alisema, na mdogo wangu hakumkatalia. Tangu hapo hupanda Werugha kwa mazishi na Krismasi tu, halali huko, na Mama akinyoosha mkono kumgusa shavu, yeye hugeuza uso. Mama huona.

Basi mdogo wangu alikuwa ameishika ile chupa. Hakuitupa. Akaniuliza polepole, bila hasira:

"Dada, kwenye picha umesimama kando yangu. Mbona uso wako ni mkavu?"

Ningeweza kusema lolote. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayeomba adanganywe.

"Mama alinipaka na mimi," nikasema. "Nilienda nyuma ya nyumba nikanawa kwa sabuni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu naishi Voi."

Wakati ule nilikuwa nimeishi hapa miaka kumi na miwili. Nilijua mafuta hufanya nini usoni saa sita mchana. Nilijua nilipomwona Mama akifungua mkebe, nilijua nilipokuwa nikipaka poda juu yake, na nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ya shangazi zangu, na kwa sababu ya lile gauni jeupe alilovaa yeye, na kwa sababu nilitaka siku moja tu watu wamwangalie yeye kwa jicho walilokuwa wakiniangalia mimi. Sikudhani ingekuwa vibaya kiasi kile. Hilo nalo ni uongo, nilidhani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema inakuwaje ukiwa wewe ndiye mdudu.

Mdogo wangu hakunitukana, na heri angenitukana. Aliitia chupa kwenye ndoo ya taka, akanawa mikono, akavaa viatu. Mlangoni akasema, "Mimi simwambii Mama. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Ukishamwambia, nitapanda kumwona."

Brashi zilikauka dirishani. Mkoba sasa una vitu vinne, msafi, na unafungika bila kulazimishwa.

Wiki tatu zimepita. Jana Mama alipiga simu, akauliza nimekula nini na kama Voi mvua imenyesha, kisha akashusha sauti akauliza kama mdogo wangu bado ana kinyongo naye. Nikamwambia bado kidogo. Nikamwambia aendelee kuomba.