Ploti 67 kwenye Karatasi Sita

Kanseli ya mji ilipitisha ramani ya nyumba yangu Jumatano. Ijumaa ikaja kuibomoa.

Msicheke. Karatasi zenye stampu ninazo mpaka leo.

Ilikuwa 1998, Malaba. Naitwa Amuron. Baba wa mtoto alipanda lori la Kampala akasahau kurudi. Nikabaki na Adeke mgongoni na vyumba viwili nilivyojenga polepole.

Siku moja nikakuta X nyekundu ya kanseli ukutani. Nyumba zisizo na ramani zilipewa miezi miwili kabla ya kubomolewa.

Sikuogopa. Nilikuwa nimesoma kompyuta masomo ya jioni, na niliajiriwa Busia kwa Ogola, mchoraji ramani. Kwenye kompyuta yake, nyumba haikuwa mistari tu. Kila ukuta ulibeba habari zake: urefu, unene, umejengwa na nini. Ukipanua mlango mahali pamoja, karatasi zote zinabadilika zenyewe. Kanseli ilitaka karatasi sita, na lazima zikubaliane.

"Chora yako saa ya chakula," Ogola aliniambia. "Lakini usinikalie mashine, mama Adeke."

Kuanza upya ni kazi ya wiki. Nikafungua faili ya Mzee Emorut, jirani yangu mwenye baa na vyumba vya wageni, aliyeanza kuchorewa ramani kwa Ogola akaiacha katikati. Nikainakili, nikafuta kuta zake, nikaweka zangu. Jina pia nikaandika langu.

Kila dirisha nililipima mara mbili. Nikapeleka karatasi sita kanseli, na Jumatano zikapitishwa.

Ijumaa tingatinga likaja. Nikalikimbilia na karatasi.

Mkubwa wa askari wa kanseli akasoma. "Dada, hapa ni ploti 112."

"Ndiyo, afande."

"Hii imepitishwa ya ploti 67."

Nikaangalia ya kwanza. 67. Ya pili, 67. Zote sita! Namba ilikaa mahali pamoja ndani ya faili, na sikuigusa.

"Ni makosa tu, afande! Nitarekebisha kesho."

"Kamati itakaa tena baada ya miezi mitatu. Toa sufuria, mama."

Walipomaliza kwangu wakaenda kwa Emorut. Na yeye alikuwa na X.

Mkubwa akafungua kitabu. "Sitini na saba... imepitishwa. Twende."

Hakuinua hata macho.

"Mungu ni mkubwa, mama Adeke!" Emorut akasema.

"Basi mzee, nipe chumba tulale."

"Vimejaa, mama. Watu wa malori."

Tulilala kanisani wiki tatu.

Wewe unayepeleka karatasi serikalini, usifurahi kwa sababu zimekubaliana. Zangu zilikubaliana kabisa. Soma kwanza zinaongea juu ya nyumba ya nani.