Kona ya Mawe, Barabara ya Mgori

Nilipokuwa mtoto, hakuna dereva wa kwetu aliyepita Kona ya Mawe bila kusimama. Barabara ya kutoka kijijini kwenda Singida mjini ilikatiza msitu wa Mgori, na pale ilipokunja kwenye ukingo wa mlima palikuwa na rundo la mawe. Dereva alizima gari, akachuma tawi bichi, akaliweka juu ya mawe na kuwaomba wazee waliotangulia kufa wampe njia. Bibi, mama yake baba, alisema asiyeomba njia hufika, ila hafiki na wote aliotoka nao.

Nilikuwa na miaka tisa uchungu ulipomshika mama. Kufikia mchana mkunga alitoka chumbani akamwambia baba, "Mpeleke mjini, damu haikatiki." Baba alikuwa na pikapu ya kubebea vitunguu. Tulimlaza mama nyuma juu ya godoro, kichwa mapajani mwa bibi. Mimi nilikaa mbele kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunikataza.

Msitu ulikuwa mzuri siku ile, na inaniuma mpaka leo kwamba naukumbuka uzuri wake. Miombo ilikuwa inachipua majani mekundu, na chini yetu bonde lote lilikuwa wazi. Tulipoikaribia kona, bibi akagonga bati.

"Simama, mwanangu! Omba njia!"

"Mama, mgonjwa hawezi kungoja," baba alijibu, akakanyaga mafuta.

Mama alifariki kabla hatujauona mji, na mtoto akiwa bado tumboni.

Bibi hakumlaumu baba hata kwa neno moja. Aliyemlaumu ni mimi. Siku ya maziko, mbele ya watu, nilimwambia, "Ungesimama, mama angekuwepo." Baba aliinama akaanza kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Hakushika usukani tena.

Mwaka jana nilikuwa nampeleka kutibiwa macho, mimi nikiendesha. Barabara imepanuliwa, greda limesomba mawe yote, na watu wa mjini huja kupiga picha za msitu. Pale konani nikapata ujasiri.

"Baba, lile neno nililosema msibani. Nisamehe."

Tulipotoka msituni akanigeukia.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Ila na mimi nililiamini."

Mimi ni muuguzi. Najua mama alikuwa ameshapoteza damu nyingi mno kabla hatujaondoka nyumbani, na haraka ya baba ndiyo tumaini pekee alilokuwa nalo mama. Nilimweleza hayo polepole, kama ninavyowaeleza ndugu wa wagonjwa. Aliitikia kwa kichwa, akageukia dirishani. Sijui kama yalimwingia. Miaka yote hiyo alijihesabu kuwa ndiye aliyemuua mkewe, na mimi, niliyekuwa nimejua ukweli tangu chuoni, nilimwamkia shikamoo kila nilipokwenda nyumbani, nikala naye, nikaondoka bila kumwambia.