Mbega wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni wa ukoo wa Ngeye, na ngeye kwa Kiganda ni mbega, yule mweusi mwenye joho jeupe mgongoni. Kwake mbega ni ndugu. Hamli, hampigi, na ole wako umtanie. Alipohamia kwetu, nje kidogo ya Kampala, hata chumba chake hakukiulizia. Alitaka kujua kama mbega wapo kwenye msitu ulio nyuma ya nyumba.

Hawakuwapo. Msitu ule ulikatwa wote kwa ajili ya mkaa, kisha ukaachwa, ukaota upya wenyewe. Tumbili ndio waliotangulia kurudi, wakashika pembeni, karibu na muhogo wangu, wezi wakubwa wale! Baadaye wakaja kima wa mkia mwekundu, wakachukua katikati, penye mapera, tini pori na wadudu. Hawagombani sana, kila kundi na ghorofa yake. Ya juu tu ndiyo ilibaki tupu, maana mbega hupenda miti mirefu iliyoshikana, na yetu ilikuwa bado inajikongoja.

Nasi nyumbani tuligawana hivyo hivyo. Kwa Waganda, mwanamume hamkaribii mama wa mkewe. Ukimgusa, wanasema, utashikwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mimi mtoto wa polisi, niliyekulia kambini kati ya makabila yote, mwanzoni niliona ni makuu tu. Lakini nilitii. Yeye barazani, mimi uani, tukizungumza ukuta ukiwa katikati, kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiganda changu humvunja mbavu.

"Mtoto yangu, ile ya kwangu imekuja?"

"Bado, maama. Ni kima tu."

"Hiyo ni ya ukoo ingine. Wacha ikule."

Macho yake yalikuwa yanazimika, na daktari alishasema hayatarudi. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi sauti ilipungua. Mara nyingi nilitamani kumdanganya. Nilimpenda mno, nikashindwa.

Mwaka huu, asubuhi moja, mke wangu akiwa sokoni Nakawa, nilisikia ngurumo kutoka juu ya miti. Nikatazama, nikapiga kelele kama mwendawazimu, "Maama, wamekuja!"

Nikasikia kiti kinaanguka. Akatokea mlango wa uani, ana kwa ana nami, mkono ukipapasa hewa. Nikarudi nyuma kwa mazoea.

"Kuna ngazi, maama. Tumngoje binti yako."

"Na hao watangoja? Shika mimi."

"Na kutetemeka je?"

"Mimi mzee, natetemeka tayari."

Nikamshika. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Tulipofika chini ya miti aliinua uso, akatazama upande usio wao. Nikaanza kumweleza: wanatafuna majani machanga, mikia inaning'inia, kima wanapita chini yao bila ugomvi.

"Mtoto iko?"

"Yupo mmoja, maama. Mweupe pee." Watoto wa mbega huzaliwa weupe.

Akanibana vidole. "Basi hawa wamekuja kukaa."

Mke wangu aliporudi alitukuta hivyo, tumeshikana mikono, akaachama. Akaja haraka amchukue mama yake.

"Ngoja," mama alimwambia bila kuniachia. "Bado ananionyesha."