Fundo la Kanga

Kila nifunguapo rejeta ya jenereta hapa kazini, harufu tamu ya kulanti, yale maji ya kijani ya kupozea injini, hunirudisha Vuga, kwenye unga mbichi wa mbao.

Mashine yetu ya kupasulia mbao ilikuwa na magurudumu mawili, tukiikokota shamba hadi shamba. Ilikuwa mali ya ukoo, lakini baba akiwa kazini Tanga, mama ndiye aliyeiendesha, nayo ndiyo iliyotulisha. Hilo lilimkera Baba Mkubwa, kaka yake baba, ambaye hakujua hata kama kizibo cha rejeta hufunguliwa injini ikiwa ya moto au baridi. Baridi, jamani. Baridi!

Siku moja mama alichovya kikaratasi cha kupimia kwenye rejeta, kikatoka na rangi mbaya. Kulanti yenyewe ilikuwa ya kahawia kama chai. Akaimwaga kwenye ndoo, mbali na mbuzi, akasuuza rejeta, akaagiza kulanti nyingine Lushoto mjini. Ingefika kesho yake asubuhi.

Baba Mkubwa hakusubiri. Alileta ndoo ya maji ya chemchemi, akajaza rejeta.

"Maji haya wanakunywa watoto wetu," alisema. "Injini ni nani iyakatae?"

"Shemeji, ni haya haya yaliyotuletea kutu mwaka jana, injini ikachemka. Ikichemka tena, imekufa."

"Ikifa, tutajua ni mkosi wa kumpa mwanamke mashine."

Akaenda kuwaita vijana waliokuwa wakinywa uji waje kuiwasha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu mgongoni, na hasira imenijaa. Hendeli ya kuwashia ilikuwa juu ya gogo. Niliichukua, nikaisokomeza katikati ya mgongo wangu na mtoto, nikamfunika kanga. Chuma kile kilikuwa cha baridi kweli kweli, na mtoto akaangua kilio.

Mama akaja, akaikaza kanga, akapiga fundo upya. "Tembea wima, mwanangu," akasema.

Njiani nikakutana na Baba Mkubwa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Huyo analilia nini?"

"Baridi."

Sikudanganya hata neno moja.

Vijana walifukua unga wa mbao wakiitafuta hendeli hadi adhuhuri. Baba Mkubwa akamkabili mama mbele ya watu wote: "Umeificha wewe!"

"Sijaigusa, shemeji."

Akamwita mwizi, akamwita mchawi. Mama aliendelea kunoa msumeno.

Kesho yake kulanti ikaja. Mama alimwaga maji ya chemchemi, akajaza, akachovya kikaratasi. Safari hii rangi ilikuwa njema. Hendeli nayo "ikaonekana" chini ya magome. Baba Mkubwa alisema ni kazi ya majini, na mashine ikaendelea kupasua mbao kwa miaka mingi, mikononi mwa mama.

Kwa muda mrefu nilijisifu kuwa nilimshinda peke yangu. Kisha nikapata mtoto wangu. Siku moja nilipokuwa nikimfunga mgongoni, kijiko kilichosahaulika ndani ya kanga nilikihisi mara moja. Nikaketi chini. Mkono wa fundi upite juu ya hendeli nzima usiitambue? Alijua, akakaza fundo, akayabeba matusi yote ili mimi nisiguswe.

"Sijaigusa," alisema. Na kweli, kanga ilikuwa katikati.